Jino Lililopewa Kazi ya Jicho

Mtu akikutana na Fundi Misumari kwa mara ya kwanza huutazama mdomo wake. Macho yake, yaliyofunikwa na weupe kama maji yaliyooshewa mchele, huyatazama baadaye, tena kwa kuibia. Mdomo ndio unaoshangaza. Shavu la kulia limetuna kama la mtu mwenye jipu, na pembeni mwa midomo huchungulia kichwa cha msumari mdogo. Ulimi huugeuza msumari ukakaa sawa, nyundo ya sumaku hupita karibu na midomo na kuunyakua, na kabla mgeni hajamaliza kupiga hodi, msumari umeshazama kwenye mbao na mwenzake anachungulia.

Kazi yake ni kutengeneza makochi. Karakana ni chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati, katikati ya kinyozi na duka la vioo. Ndani mna fremu za mbao zilizokaa uchi, springi, marobota ya sponji, na harufu ya gundi iliyozoea kumfuata Fundi hata akivaa nguo za harusi. Tangu ujana wake misumari imekaa mdomoni, kwa kuwa fundi wa makochi ana mikono miwili kama watu wengine, ilhali kazi yake inataka mitatu: wa kuvuta kitambaa, wa kushika nyundo na wa kutoa misumari. Mdomo ukaajiriwa kuwa mkono wa tatu. Meno nayo yakapewa kazi ya mkasi, na wakati mwingine ya koleo. Hayakuwahi kulalamika, na Fundi alichukulia kwamba yameridhika.

Upofu ulimkuta papo hapo karakanani. Alikuwa akitoa vanishi kwenye fremu kuukuu ya kochi la mtu mmoja, ambalo alikusudia kumtengenezea mkewe, kwa kuwa katika nyumba ya fundi wa makochi watu wote walikuwa wakikaa kwenye viti vya plastiki. Alikuwa ameyeyusha magadi makali kwenye ndoo. Fremu ikamponyoka, ikaiangukia ndoo, na ndoo ikamjibu usoni. Walimwosha kwa maji mengi, lakini magadi yalikuwa yameshaiunguza konea, kile kioo cha mbele ya jicho, kulia na kushoto.

Alipandikizwa konea za watu waliokwisha kufa, walioacha ruhusa. Ya kwanza ilikaa muda mfupi, ikafifia. Ya pili haikutaka hata kukaa. Baada ya hapo Fundi alirudi kazini, maana vidole vilijua njia na ulimi haukuwahi kuhitaji macho hata zamani. Kilichomshinda kilikuwa rangi tu, na hizo alisomewa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekaa kwenye cherehani akishona foronya za mito na kuzungumza kuliko cherehani yenyewe.

Ile fremu iliwekwa kona, ikafunikwa gunia. Hakuna aliyeigusa.

Siku ambayo daktari wa macho alimwita tena, Fundi alikwenda na mkewe. Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini, kama anayeongea karibu na mtoto aliyelala. Alimmulika jicho la kushoto kwa tochi.

"Mwanga unauona?"

"Naona kama mlango umefunguliwa."

"Vizuri. Nyuma ya jicho kuko salama. Tatizo ni kioo cha mbele, na kioo cha mtu mwingine jicho lako halikitaki tena. Limekauka mno. Kilichobaki ni konea bandia."

"Ya plastiki?" aliuliza mkewe.

"Kuna kijipande cha plastiki cha kupitisha mwanga, ndiyo, mama. Lakini plastiki peke yake jicho kavu kama hili litaitema. Inahitaji kushikiliwa na kitu ambacho mwili unakitambua kuwa ni chake. Tunatumia jino."

Mkewe akamgeukia Fundi, akamtazama mdomoni.

"Jino la nani?" aliuliza Fundi.

"Lako, mzee. Tunang'oa jino la chonge pamoja na mfupa wake kidogo, tunalichonga liwe kibao chembamba, tunalitoboa katikati, tunatia kile kijipande cha plastiki kwenye tundu. Halafu tunalipandikiza shavuni, chini ya jicho, likae huko miezi michache mpaka nyama ilishike. Baadaye tunalitoa na kuliweka jichoni. Litakuwa dirisha, na jino ndilo fremu yake."

Fundi alifikiri. Fremu alizielewa.

"Mbao ngumu hushika msumari vizuri," alisema.

"Ndiyo hivyo."

"Na atakuwaje kwa sura?" aliuliza mkewe.

Daktari hakuwa mtu wa kupaka mafuta maneno. "Jicho litafunikwa na ngozi ya ndani ya shavu. Litakuwa la waridi, kama ufizi, na doa jeusi katikati. Halitakuwa zuri."

"Hakuwahi kuwa mzuri," mkewe alisema. "Endelea, daktari."

"Ataona kama anayechungulia kwenye bomba. Mbele tu, pembeni hapana. Atatumia dawa ya matone maisha yake yote. Na kuna wanaofanyiwa na wasione. Siwaahidi. Lakini kwanza nionyesheni chonge."

Hapo ndipo shida ilipoanza. Daktari wa meno, kijana mchangamfu aliyekuwa akiimba chini chini hadi alipowasha taa, alitazama ndani ya mdomo wa Fundi na wimbo ukakatika.

"Mzee wangu, umekuwa ukila nini?"

"Chakula."

"Haya meno yana mapengo kama ya msumeno!"

Fundi akaeleza habari za mkono wa tatu. Daktari wa meno alisikiliza, akagonga jino moja baada ya jingine. Chonge la chini la kulia lilivunjika zamani likichomoa pini ya kochi la ofisi. La chini la kushoto lilioza. La juu la kulia lilikuwa limepasuka mpaka kwenye mzizi. Akafika juu kushoto, akagonga, akatulia, akagonga tena.

"Hili zima," alisema. "Mzizi mrefu, mfupa mzuri. Sijui limeponaje."

"Upande huo huwa sitii misumari," alisema Fundi. "Hukatia uzi tu."

"Kuanzia leo hukatii kitu. Sikia, mzee. Hili ndilo jicho lako. Hatuna jingine la akiba. Likioza, likipasuka, likilegea, habari ya kuona imekwisha. Huumi uzi, huumi msumari, huvunji mfupa. Umenielewa?"

"Amekuelewa," alisema mkewe, ambaye alikuwa ameshaanza kupanga.

Tangu siku hiyo jino lile likawa mtu wa nne katika familia, na ndilo lililotunzwa kuliko wote. Nyama ilipikwa hadi ikasahau kwamba iliwahi kuwa na mifupa. Asubuhi na usiku mkewe alisimama mlangoni mwa bafu akisikiliza mswaki, kama mwalimu anayesikiliza mtoto akisoma. Aliufunga mkasi kwenye kamba, akamvika mumewe shingoni.

"Mama watoto, mimi si mbuzi."

"Mbuzi hukata kwa meno. Wewe utakata kwa mkasi."

Misumari ilihamishiwa kwenye bakuli la bati. Fundi, ambaye alikuwa ametengeneza makochi gizani bila kujichoma, sasa alijichoma vidole vyote. Bakuli halina ulimi; haligeuzi msumari kichwa kikatangulia. Shemeji alijitolea kumpokeza mmoja mmoja, akachoka kabla ya kochi la kwanza kwisha.

"Shemeji, kazi hii inataka mtu asiye na mambo yake."

"Ndiyo maana nikakupa wewe."

Jambo la pili halikutarajiwa na yeyote. Mtaa mzima ulimjua Fundi Misumari kuwa mtu mpole. Mteja akilalamika, Fundi hutikisa kichwa na kuguna, na mteja huondoka akisema: mzee yule ana subira, hajibu kitu. Sasa mdomo ulikuwa mtupu, na ikabainika kwamba haikuwa subira. Ilikuwa misumari. Mama mmoja aliyekuja kusema kwamba kochi lake limebonyea aliambiwa kwamba kochi halibonyei lenyewe, na kwamba amtazame vizuri mumewe. Kinyozi jirani, aliyezoea kuja kukopa gundi, aliambiwa idadi ya makopo aliyokwisha kukopa.

"Huyu mzee kabadilika," kinyozi alimwambia shemeji mlangoni.

"Hajabadilika. Kazibuliwa tu."

Katika majuma yale ya kungoja tarehe ya upasuaji, mkewe alikuja karakanani na bunda la kitambaa. Akalifunua gunia kule kona, akaivuta fremu hadi katikati ya chumba. Fundi alilijua kochi hilo kwa sauti ya miguu yake sakafuni.

"Malizia," alisema mkewe.

"Hili ndilo lililonipofusha."

"Najua. Na mimi bado nakaa kwenye plastiki."

Fundi akagusa kitambaa. Kilikuwa mahameli, nzito, nywele zake zikilala upande mmoja kama manyoya ya paka. "Rangi gani?"

"Utaiona."

"Nisipoona?"

"Basi hutaijua."

Fundi aligeuza kichwa kuelekea kwenye cherehani. "Shemeji?"

"Nimeapishwa, shem. Tena kwa jina la marehemu mama." Cherehani ikakimbia kidogo, ikasimama. "Ila nitasema hivi: taa humu ndani tumeacha kuwasha."

Tangu hapo Fundi alisikiliza. Wateja walipoingia walitulia ghafla, wakasema "Mh!" au "Haya." Mwenye duka la vioo alisema, "Jirani, hongera," kwa sauti ambayo watu huitumia msibani. Fundi alijenga kochi lile kuliko alivyowahi kujenga lolote. Alifunga springi kwa kamba mara mbili, akajaza pamba, akavuta mahameli hadi ikanyooka kama ngozi ya ngoma. Vidole vilimwambia kila kitu isipokuwa kile alichotaka kujua. Usiku kitandani alitaja rangi moja moja, na mkewe akanyamaza kwa zote bila kubadilisha pumzi. Alikuwa mwanamke wa kuogopwa.

Ilibaki mishono ya mwisho nyuma ya mgongo wa kochi, ile inayofichwa kwa sindano iliyopinda. Mkewe alikuwa ameleta chai, amekaa juu ya robota la sponji akimtazama. Fundi alipiga magoti, akavuta uzi, akafunga fundo, akasogeza uso, na akafanya kile alichofanya kila siku ya maisha yake baada ya kufunga fundo. Mkasi ulikuwa ukining'inia kifuani pake.

*Kach.*

Cherehani ilisimama. Fundi alibaki amepiga magoti, uzi umekatika vizuri kabisa, na juu ya ulimi wake kuna kitu kidogo kigumu ambacho kwa miaka mingi angekidhania kuwa msumari.

"Ni uzi huo?" aliuliza mkewe.

Fundi alikitema kiganjani, akanyoosha mkono. Mkewe akakichukua. Kilikuwa ncha ya jino.

Fundi alikuwa amejiandaa kwa kelele. Mkewe hakupiga kelele. Alikunja ncha ile ndani ya leso, akaifunga fundo, akasema, "Vaa viatu," na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyebeba sahani nyingi kwa wakati mmoja. Njiani hakumlaumu. Alimshika kiwiko kama siku zote, ila kwa nguvu zaidi. Fundi ndiye aliyesema.

"Nilisahau kama nina mkasi."

"Ulikuwa shingoni."

"Shingo haikatii uzi, mama watoto."

Mahali fulani baada ya pale ambapo barabara huanza kuwa na lami, Fundi aligundua kwamba mkewe analia, na kwamba amekuwa akilia tangu karakanani, kimya kimya, bila kupunguza mwendo. Hapo ndipo alipoogopa. Kabla ya hapo alikuwa na huzuni tu.

Daktari wa meno aliifungua leso. "Hii ni nini?"

"Ncha yake," alisema mkewe. "Irudishe."

Kijana akamlaza Fundi kitini, akawasha taa, akagonga, akapiga picha, akaenda chumba cha pili, akakaa huko. Fundi alisikia wimbo ukianza tena chini chini. Hakujua kama aufurahie.

"Mama," alisema kijana akirudi, "hii ncha ukitaka kaifanye kidani. Mimi nahitaji mzizi na mfupa. Hii sehemu ya juu ni mpini tu, wa kulishikia wakati wa kulichonga, kisha hukatwa ikatupwa. Mzizi haujapasuka."

"Kwa hiyo jino zima?"

"Jino bovu. Mzizi mzima."

Mkewe alikaa chini. Halafu akageuka, akampiga mumewe kofi la begani lililosikika mpaka mapokezi.

"Na tarehe naileta karibu," alisema daktari wa meno. "Huyu mzee nikimwachia wiki nyingine ataniletea taya kwenye leso."

Upasuaji wa kwanza ulichukua siku karibu nzima. Fundi alirudi nyumbani akiwa na pengo juu kushoto, jicho limefunikwa, na uvimbe mdogo chini yake, ambamo jino lake lilikuwa limelala ndani ya nyama likingoja kuzoeleka. Aliweza kuligusa kwa kidole kupitia ngozi. Alishangaa kwamba jino hilo hilo, ambalo halikumsumbua maisha yake yote, sasa alilifikiria kutwa.

Shemeji hakuweza kuacha jambo kama hilo lipite.

"Shem, wenzako husema jicho kwa jicho, jino kwa jino. Wewe umechanganya foleni."

"Shona."

"Ukiumwa na jino sasa utakwenda kwa daktari gani?"

"Nitakwenda kwa dada yako nimwambie umekaa bure."

Akashona.

Miezi ilipita kama inavyopita kwa mtu anayengoja, yaani haikupita. Fundi alijifunza bakuli. Kochi la mahameli lilisimama katikati ya karakana, halikupelekwa nyumbani, na hakuna aliyelikalia. Mkewe alisema hatalikalia kabla ya aliyelitengeneza kuliona. Ikiwa hataliona? Alisema atalitafutia shuka kubwa na habari iishie hapo.

Kisha wakalitoa jino shavuni, wakaliweka jichoni, wakafunga bandeji. Daktari wa macho alisema wangeifungua asubuhi ya siku aliyoitaja, na kabla ya hapo hakuna anayejua kitu, yeye mwenyewe akiwemo.

Asubuhi hiyo mlinzi wa lango la hospitali aliona mkokoteni ukija, ukisukumwa na mshona foronya aliyelowa jasho, na nyuma yake mwanamke aliyevaa nguo nzuri.

"Hicho nini?"

"Ni kochi," alisema mwanamke.

"Naliona kuwa ni kochi. Hata kipofu analiona. Linakwenda wapi?"

"Wodi ya macho."

"Linaumwa?"

"Linakwenda kumtazama mgonjwa."

Mlinzi alifikiri juu ya sheria zote alizofundishwa. Zilikataza pombe, moto na wanyama. Akafungua lango.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kitanda katika chumba cha kufungulia bandeji. Alisikia miguu minne ya mbao ikitua sakafuni mbele yake, na akaijua. Akasikia pumzi za shemeji. Akasikia harufu ya gundi yake mwenyewe. Mlango ukafunguka tena, na viatu vya daktari vikasimama ghafla.

"Hiki nini?"

"Kochi, daktari," alisema mkewe.

"Kwa nini liko hapa?"

"Nataka alione kwanza. Kabla ya sura yangu. Sura yangu anaijua."

Daktari alikaa kimya kwa muda. Fundi alitambua kimya hicho. Kilikuwa kile kile cha wateja.

"Nani kachagua rangi?"

"Mimi."

"Basi," alisema daktari kwa ile sauti yake ya chini, "tutajua upesi kama anaona."

Muuguzi alisogea. Vidole vyenye ubaridi vikagusa paji la uso la Fundi, na mkasi ukaanza kula plasta taratibu kutoka upande wa sikio. Ulimi wake ukapanda juu kushoto, pale alipozoea kukatia uzi, ukakuta pengo laini, ukakaa hapo. Tabaka la kwanza la bandeji likatoka. La pili likatoka. Palikuwa na weupe, lakini weupe huo alikuwa nao siku zote, aliamua kutouhesabu.

"Usifumbue," alisema daktari. "Ngoja nikuambie."

Mahali mbele yake, mkono uligusa mahameli. Alisikia nywele za kitambaa zikilala, kisha zikisimama, kisha zikilala.

"Mama watoto, ni nyekundu?"

"Kaa kimya ufunguliwe."

"Ni kijani?"

"Shemeji," alisema mshona foronya kutoka mlangoni, "nakuomba usijiumize bure."

Daktari akavuta kigoda chake karibu. Akashika kipande cha mwisho cha pamba kwa koleo ndogo.

"Haya, mzee," alisema. "Tazama mbele tu."